Afrah kwa Sundus

Siku za Ijumaa shule ilifungwa kabla ya adhuhuri. Hilwa alirudi nyumbani Al Twar, mtaa mmoja wa Dubai, akavua sare na kumsaidia bibi yake jikoni. Baba na kaka yake waliporudi kutoka msikitini, wote walikaa wakala pilau pamoja. Baada ya hapo aliosha vyombo haraka haraka, akavaa raba zake na kutoka. Uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa nyuma ya bustani, dakika saba kwa miguu, na Hilwa alipenda kuwa wa kwanza kufika.

Hilwa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Wazee wake walitoka Unguja, lakini yeye alizaliwa Dubai. Alikuwa nahodha wa Shakwe, timu ya wasichana ambao wazazi wao walitoka Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Walicheza katika ligi ndogo ya timu sita. Kocha wao, Proscovia, alikuwa Mganda aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akichezea timu moja Nairobi. Sasa alifanya kazi hotelini, akiwaangalia watu wanaoogelea wasizame.

Kwa misimu miwili, hakuna msichana wa Shakwe aliyefunga pointi nyingi kumshinda Hilwa. Wenzake wakipata mpira walimtafuta yeye kwanza. Kisha mwezi wa Novemba akaja Afrah.

Afrah alitoka Lamu. Alikuja na mama yake kumfuata baba yake, Famau, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa timu, mpole, na viganja vyake vilikuwa vikubwa. Hakuwa mfungaji. Akirusha mpira kutoka mbali, mara nyingi haukugusa hata ubao. Lakini mpira wa mtu yeyote ukikosa goli na kurudi, Afrah aliruka akaudaka kabla wengine hawajanyanyua mikono.

"Haya ndiyo mambo ya ribaundi!" Kocha Proscovia alipiga kelele. "Afrah, Mungu akutunzie mikono hiyo!"

Kila aliposikia maneno hayo, roho ilimuuma Hilwa. Hapo awali sifa kama hizo zilikuwa zake. Tangu Afrah aje, pointi za Hilwa zilipungua, kwa kuwa mipira sasa iliwafikia wasichana wengine nao wakafunga. Hata Lamees, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alianza kukaa na Afrah wakati wa mapumziko. Siku moja Hilwa alimkuta Afrah akimsuka Lamees nywele, huku wakicheka jambo ambalo yeye hakulijua.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Afrah alikuja mara moja tu, akala mkate wa kumimina na kuondoa vyombo bila kuambiwa. Tangu siku hiyo Bibi hakukoma kumtaja.

"Yule mwenzako mrefu hajambo? Mtoto ana adabu yule!"

"Hajambo," Hilwa alijibu.

Ijumaa moja ya Januari, mazoezi yalipokwisha, Kocha Proscovia alimwita pembeni.

"Nahodha, nina jambo, lakini usimwambie mtu kwanza. Kocha Zedekiya wa timu ya Radi amenipigia simu. Anamtaka Afrah. Yuko tayari kutupa Sundus."

Kanuni za ligi ziliruhusu timu kubadilishana mchezaji mmoja katikati ya msimu, mradi wachezaji na wazazi wao wakubali. Kila mtu katika ligi alimjua Sundus. Alikuwa mfungaji hatari.

"Afrah aondoke?" Hilwa aliuliza. Alijitahidi sauti yake isionyeshe furaha.

"Sijasema aondoke. Nataka kujua kama mabadilishano haya yanatufaa. Jumapili Radi wanacheza kwao, Jumeirah Village Circle, na mimi nipo kazini. Nenda ukamtazame Sundus kwa niaba yangu. Halafu zile karatasi za mechi zetu tano ziko kwenye faili lako. Nipangie hesabu zote: pointi, pasi, ribaundi, kila kitu. Ila sikiliza vizuri. Usinitafutie nani ni hodari zaidi. Nitafutie nani anaziba pengo letu."

"Sawa, Kocha."

"Nakuachia wewe kwa sababu una kichwa cha hesabu. Mpaka Alhamisi tuwe tumetoa jibu."

Jumapili, kaka yake Tamim alimpeleka kwa gari. Walikaa kwenye ngazi za uwanja, katikati ya majengo marefu ya nyumba za kupanga, na Hilwa akafungua daftari lake. Sundus alikuwa hodari kweli. Alirusha kutoka kushoto, akarusha kutoka kulia, na mchezo ulipokwisha alikuwa amefunga pointi kumi na saba.

Tamim hakuonekana kuridhika.

"Anafunga, sikatai," alisema. "Lakini mbona wakinyang'anywa mpira yeye harudi nyuma kuzuia? Anasimama katikati, mikono kiunoni."

"Amechoka," Hilwa alijibu.

"Tangu dakika ya kwanza?"

Hilwa aliinamisha macho. Katika daftari lake kulikuwa na maandishi aliyoyaandika mwenyewe: pointi kumi na saba, pasi moja, ribaundi mbili.

Alipofika nyumbani alitandaza karatasi za mechi mezani. Zilikuwa zimejazwa na mama yake Lamees, ambaye hakukosa mechi hata moja. Mechi ya kwanza na ya pili, kabla ya Afrah, Shakwe walifungwa vibaya. Hilwa alikuwa amefunga pointi kumi na nne, kisha kumi na tano, na bado walishindwa, kwa sababu wapinzani walikosa goli, wakaudaka mpira wenyewe, wakarusha tena na tena mpaka ukaingia. Mechi tatu zilizofuata Afrah alicheza. Walishinda mbili, wakapoteza moja kwa pointi moja tu. Afrah alifunga pointi nne katika kila mechi. Lakini katika safu ya ribaundi iliandikwa kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili.

Hilwa alikaa akizitazama tarakimu hizo. Alielewa vizuri sana zilichokuwa zikisema. Kisha akawakumbuka Lamees na Afrah wakichekeana, akachukua karatasi safi na kuandika mistari miwili.

*Sundus: pointi 17. Afrah: pointi 4, 4, 4.*

Chini yake akaandika: *Naona yanatufaa, Kocha.* Akaipiga picha kwa simu ya Bibi na kumtumia Kocha.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. *Asante. Na ribaundi je?*

Hilwa alilisoma mara mbili. Mpaka hapo hakuwa ameandika jambo lolote la uongo, alikuwa tu ameacha mengine. Sasa ilimbidi achague. Aliandika: *Safu hiyo haikujazwa vizuri, haisomeki.*

*Haya. Nakuamini, nahodha,* Kocha alijibu.

Bibi aliingia sebuleni kuitafuta simu yake. "Unaandika nini, mjukuu wangu, hata uso umekusawijika hivyo?"

"Hesabu za shule, Bibi."

Jumanne, kabla ya mazoezi, Kocha Proscovia aliwakusanya wasichana wote. Alikuwa tayari amezungumza na Mzee Famau, na Afrah alikuwa ameambiwa nyumbani.

"Afrah anakwenda Radi, na Sundus anakuja kwetu," alisema. "Tutatia saini Alhamisi jioni. Si kwamba Afrah ni mbaya. Timu inahitaji pointi, basi."

Lamees alianza kulia palepale. Wengine waliinamisha vichwa. Hilwa alikuwa ameingoja saa hiyo kwa siku nne, akidhani atajihisi mwepesi. Badala yake alishindwa kumtazama Lamees.

Mazoezi yalipokwisha, alikuwa ameinama akifungua kamba za raba alipoona miguu mirefu imesimama mbele yake.

"Kocha amesema ni wewe uliyepanga hesabu," Afrah alisema.

Hilwa hakunyanyua uso. "Ndiyo."

"Sikujua kama mimi ndiye ninayewarudisha nyuma. Nilifikiri nasaidia. Unaweza kunifundisha kurusha? Siku hizi mbili tu. Nisije nikawa mzigo na huko pia."

Hilwa angetamani Afrah amtukane. Lakini Afrah alisimama tu, ameukumbatia mpira, akingoja. Basi Hilwa alifunga tena kamba za raba, wakarudi chini ya goli. Alimwonyesha namna ya kuweka kiwiko na kukunja magoti. Afrah alirusha, akakosa, akaufuata mpira mwenyewe, akarusha tena. Hakulalamika hata mara moja.

"Huko Jumeirah Village Circle utakwenda na nani?" Hilwa aliuliza, ili tu asikae kimya.

"Na Baba. Ameomba abadilishiwe zamu. Jana bosi wake alimwambia khalas, hakuna mjadala. Kesho atamwomba tena. Mama hataki amsumbue, anaogopa asije akaonekana mkorofi kazini, lakini Baba amesema sitaacha kucheza."

Hilwa alisema anahitajika nyumbani, akaondoka karibu mbio.

Usiku huo hakula. Siku iliyofuata, aliporudi kutoka shuleni, Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hilwa alikaa chini kando yake na kumwambia yote, tangu Lamees kusukwa nywele mpaka maneno ya kwenye simu. Alisema akiutazama mchele. Bibi aliendelea kutoa chuya, moja moja, mpaka Hilwa alipomaliza.

"Na mimi nilikuwa nikimsifu mbele yako kila siku," Bibi alisema. "Sikujua kuwa yanakuchoma."

"Bibi, nifanye nini?"

"Lipi hujui katika hilo, mwanangu? Saa za kutia saini bado hazijafika. Kocha wako anatoka kazini saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi simu hiyo hapo."

Kocha Proscovia alifika bustanini saa kumi na moja, angali na fulana ya kazini, nywele zinanuka dawa ya maji ya bwawa. Hilwa alimpa faili. Alitaka kueleza kwanza, lakini Kocha alimwashiria anyamaze. Alikaa kwenye benchi, akaanza kusoma karatasi moja baada ya nyingine kwa kidole chake. Alipofika kwenye safu ya ribaundi, kidole kilisimama.

"Haisomeki?" aliuliza.

"Inasomeka," Hilwa alisema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Niliogopa ukiiona hutamwachia. Nilitaka aondoke. Kila mtu anampenda yeye."

Kocha hakumfariji. Alimpa kalamu. "Kaa hapa. Sasa tufanye kazi niliyokutuma. Kabla hajaja, wapinzani walikuwa wakirudia kurusha mara ngapi kwenye mechi?"

Hilwa alihesabu. "Mara kumi na tisa. Mara ishirini na moja."

"Na baada ya kuja?"

"Saba. Nane. Sita."

"Na Lamees alikuwa akifunga ngapi mwanzo?"

"Mbili. Sasa anafunga nane."

"Nani anampa hiyo mipira?"

"Afrah anaudaka, ananipa mimi, na mimi nampa Lamees."

"Haya, Sundus akija?"

Hilwa alifikiri kwa uaminifu, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Atafunga, Kocha. Pointi kweli tunazihitaji. Lakini anahitaji mpira mikononi ndipo afunge, na chini ya goli hatutakuwa na mtu wa kuuchukua. Yeye mwenyewe harudi nyuma. Itakuwa kama zile mechi mbili za kwanza."

"Tutakuwa na warushaji wawili na mpira hatuna," Kocha alisema. Alifunga faili. "Nilikuwa karibu kumtoa mchezaji ambaye timu nzima imemwegemea. Na mzazi wake anahangaika kubadilisha zamu kwa ajili ya neno langu. Neno langu, Hilwa, lakini lilitoka kwako."

"Nisamehe, Kocha."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza utampigia Kocha Zedekiya wewe mwenyewe. Kisha tutakwenda wote kwa Mzee Famau. Unahodha ataushika Lamees mpaka mwisho wa mwezi, na Jumamosi utaanzia benchi."

Kocha Zedekiya alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Sundus alishawaaga wenzake," alisema baadaye. "Nitamweleza, ingawa haitakuwa rahisi. Umeniudhi, binti, sikufichi. Ila umepiga simu kabla ya saini, na hilo nitalikumbuka pia."

Mzee Famau aliwafungulia mlango wa nyumba yao ndogo huko Qusais. Alikuwa ameshavaa sare ya kazi. Hilwa alimwamkia, kisha akasema yote tena, safari hii mbele ya Afrah na mama yake. Maneno yalikuwa mazito zaidi kuliko mara tatu za mwanzo.

Mzee Famau alishusha pumzi. "Alhamdulillah, sijarudi tena kwa bosi," alisema. "Nilikuwa nakwenda hivi sasa."

Afrah ndiye aliyeuliza. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Afrah alimtazama kana kwamba hajaelewa. "Mimi nilikuja hapa simjui mtu hata mmoja. Lamees alinisalimu siku ya kwanza. Wewe hukunisalimu kwa wiki mbili. Nilikuwa nikikutazama unavyocheza, natamani niwe kama wewe." Akageuka, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu.

Jumamosi, Shakwe walicheza na timu ya mtaa wa Silicon Oasis. Hilwa alikaa benchi, na Kocha akampa karatasi ya mechi aijaze. Kila Afrah aliporuka na kuudaka mpira, Hilwa alichora kistari. Vistari vilijipanga mpaka vikavuka mwisho wa kisanduku. Mwanzoni kila kimoja kilimchoma. Kufikia mapumziko alikuwa amesahau kuchomwa, na Afrah alipouchomoa mpira katikati ya wasichana watatu, Hilwa alijikuta amesimama, anapiga makofi.

Robo ya mwisho Kocha alimwingiza. Shakwe walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mara ya kwanza Afrah aliudaka mpira, akamwona Hilwa yuko peke yake, akasita, akampa mwingine. Hilwa hakukunja uso. Alirudi nyuma kuzuia. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Mara ya tatu Afrah alimtupia. Hilwa angeweza kurusha mwenyewe, lakini Lamees alikuwa na nafasi nzuri zaidi, akampa, na mpira ukaingia. Walishinda thelathini na moja kwa ishirini na nane. Karatasi ilionyesha Hilwa amefunga pointi mbili tu, na Afrah amechukua ribaundi kumi na sita.

Wasichana walipokuwa wakikumbatiana, Afrah alimfikia Hilwa akiwa bado anahema.

"Sijaacha kukasirika," alisema.

"Najua."

"Lakini Jumanne uje mapema. Bado sijui kurusha."

Kocha Proscovia aliyaona hayo akiwa anakusanya chupa za maji. Alimngoja Hilwa amkaribie.

"Unadhani mimi sijawahi kumwonea mtu kijicho?" alisema. "Nairobi kulikuwa na mmoja aliyekuja baada yangu, akachukua namba yangu. Nilikuwa nikiomba aumie mguu! Wivu unakuja wenyewe, hauombi ruhusa. Kosa lako halikuwa kuuhisi. Kosa lilikuwa kuuachia uamue, wakati mimi nilikuwa nimekuomba macho yako wewe. Mtu akikuamini akakwambia umtazamie jambo, mwambie ulichokiona chote, hata kile kisichokufurahisha. Hicho hasa ndicho anachokihitaji zaidi. Na ukihisi roho inakuuma, njoo uniambie mapema, wakati bado ni maneno tu kati yangu na wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Yalla, chukua chupa hizo, tuondoke."